Sindano za Mkwe Wangu

Kama unakohoa wiki ya tatu sasa na bado unasema ni vumbi la ulezi, usinidanganye, nami nilisema hivyo hivyo. Nilisema ni vumbi la kupepeta, kisha nikasema ni baridi ya kwetu Hasamba, kisha nikasema ni moshi wa jikoni. Mtu anayetaka kuuficha ugonjwa wake hakosi cha kusingizia. Naandika kwa ajili yako uliyekwisha kuambiwa kwamba ni kifua kikuu, na sasa umekaa kwenye benchi la hospitali unaangalia vidole vya miguu yako. Mimi nilijifunza kusoma na kuandika katika darasa la ubatizo na sikwenda mbele zaidi, kwa hiyo usitafute hapa maneno ya waganga. Nitakwambia niliyoyaona kwenye mwili wangu, na kosa nililolifanya, ambalo nusura liniue. Waingereza walikuwa bado wanatawala, na hizo sindano ndiyo kwanza zilikuwa zimefika pande zetu.

Mwaka huo binti yangu Ester alijifungua mtoto wa kwanza, wa kike. Nilimpokea mtoto kwa mikono yangu, nikamwogesha, nikambeba mgongoni mpaka alipoanza kukaa. Siku moja nikakohoa nikiwa nimempakata, nikaona damu kwenye kitambaa chake cha kichwa. Ilikuwa tone dogo, kama mtu aliyejichoma mwiba. Nilimweka mtoto chini kwenye ngozi, nikatoka nje, na tangu siku ile sikumgusa tena. Ester alilia akasema namchukia mwanawe.

Mume wangu alitaka kunipeleka hospitali. Ndugu zake walisema nimerogwa, kwamba nipelekwe kwanza kwa mtaalamu wa upande wa pili wa mpaka. Walibishana mwezi mzima, na wakati wanabishana walikuwa tayari wamenitengea sahani yangu na kata yangu ya maji. Mtu anasema umerogwa, lakini kwenye kata yako hanywi. Nilipoona mbavu zangu zinahesabika mpaka na mume wangu hataki kuangalia, nilifunga kanga zangu mbili nikamwambia, "Kesho natembea mpaka Mlowo. Ukitaka unisindikize, ukitaka ubaki na ndugu zako." Alinisindikiza. Pale Mlowo tulipata lori lililobeba kahawa, nikapandishwa juu ya magunia, nikasafiri siku mbili.

Hospitali niliyopelekwa ilikuwa kubwa, moja ya zile wanakofundisha waganga wasaidizi na wauguzi. Hapo lazima nikueleze jambo, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Mume wa Ester alikuwa kijana wa Msangano aliyekwenda kusomea uganga, na alikuwa anasoma hospitali hiyo hiyo. Nililijua hilo tangu nyumbani. Nilijipa moyo kwamba hospitali ni kubwa na wanafunzi ni wengi.

Kwetu mama mkwe na mkwewe hawaonani. Nikikutana naye njiani naingia kwenye majani na kugeuza uso mpaka apite. Simwiti jina, hanisemeshi, hatuli mahali pamoja. Hata leo jina lake sitaliandika, mkono hauendi. Ipo njia ya kuiondoa aibu hiyo. Ukoo wa mke humwingiza mkwe nyumbani, anaketishwa kwenye mkeka mpya, mama mkwe anampa kuku kwa mkono wake mwenyewe, na dada mkubwa wa mama anasimamia. Baada ya hapo wanasalimiana kama watu wengine. Sisi tulikuwa tumepanga kumwingiza baada ya mavuno. Kikohozi kikatangulia.

Walinipa kitanda barazani. Wagonjwa wa kifua tulilala barazani mchana na usiku, upande mmoja ukuta, upande mwingine upepo, hata ule mwezi wa sita ambapo umande wenyewe unaganda. Nilidhani wametutoa nje ili tufe haraka. Jirani yangu, Mama Luka, mwanamke wa Ileje aliyekuwa amekaa pale miezi mingi, alinicheka. Akasema baridi haijawahi kumuua Mndali kama yeye, labda sisi tuliotoka chini ya milima yao. Kila mmoja alikuwa na kikopo cha makohozi chenye kifuniko. Kulikuwa na dawa ya unga ya kumeza, chungu mno, inayokaa tumboni kama jiwe. Halafu kulikuwa na sindano, moja kila asubuhi, kwenye nyama ya kalio. Bwana Mganga, Mzungu mrefu mwenye sauti ndogo, aliniambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Sindano tisini, Mama. Usikose hata moja."

Na kulikuwa na wanafunzi. Hospitali ya kufundishia, mwili wako ndio ubao. Wanakuja wanane, tisa, wamevaa makoti meupe, wanapanga mstari, na kila mmoja anakugonga mgongoni kwa vidole, kama mtu anayejaribu kibuyu kama kimekauka. Mikono yao ni ya baridi. Wanakuwekea ile mipira ya kusikilizia, kisha wanakuwekea kiganja mgongoni na kusema, "Mama, sema tisa." Unasema tisa. Wanahamisha kiganja. "Sema tena." Sauti yako inatetemeka ndani ya kifua, nao wanaipokea kwa mkono na kuambiana kilichoharibika kiko wapi. Mwanzoni niliona ni matusi. Baadaye nikaona kwamba aliyegongwa na wanafunzi tisa hakosi mmoja wa kugundua jambo. Usiwachukie. Waambie tu wapashe mikono moto.

Nilihesabu siku zangu kwa sindano. Ya kumi, homa ya jioni ikapungua. Ya ishirini, nikaomba ugali wa pili. Walitupima kila Jumatatu kwenye mizani kama ya kahawa, na ilipofika sindano ya thelathini mizani ilipanda, Mama Luka akasema sasa naanza kufanana na mtu. Nikaanza kufikiria mgongo wangu na mjukuu wangu juu yake.

Sindano ya thelathini na mbili, wanafunzi wakabadilishwa. Kundi moja likaenda wodi nyingine, jingine likaja kwetu. Nilikuwa nimekaa nimefungua mgongo tayari kwa kugongwa. Nikainua macho, nikamwona mkwe wangu mwishoni mwa mstari.

Nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Yeye aligeukia ukuta. Mwalimu wao, mganga msaidizi wa siku nyingi, aliona kijana anaangalia ukuta badala ya mgonjwa, akamkaripia mbele ya wote. Alisema mgonjwa hana ukoo, na anayeona haya na mwili wa mgonjwa arudi kwao akalime. Baada ya maneno hayo, kijana angesema nini?

Kwa bahati mbaya yeye ndiye aliyepewa sinia la sindano za baraza letu. Asubuhi iliyofuata nilisikia magurudumu ya kimeza cha sindano yanakuja, nikaamka nikaenda chooni. Nilikaa kule mpaka yakapita. Niliporudi, nilitegemea Sista, muuguzi msimamizi wa wodi yetu, atauliza. Hakuuliza, asubuhi alikuwa na wodi mbili na Bwana Mganga wa kumfuata. Kesho yake nilikwenda kwenye kamba za kuanikia mashuka. Siku ya tatu chooni tena. Mama Luka akaniambia, "Mama Ester, choo hicho kimekuoa?" Nikamwambia dawa ya unga inanisumbua tumbo.

Miguuni pa kila kitanda ilining'inia karatasi yenye visanduku vya siku. Anayechoma anatia alama ya vema. Siku ya nne niliichukua nikaitazama, maana tarakimu nilizijua. Siku zote tatu zilikuwa na alama.

Nilielewa mara moja. Alifika, akakuta kitanda kitupu, akashukuru Mungu kama mimi nilivyoshukuru kule chooni, akatia alama. Angesema hakunichoma, angeulizwa kwa nini. Nami ningesema sikuchomwa, ningeulizwa nilikuwa wapi. Basi yeye alitia alama na mimi nilinyamaza. Hatukuwahi kusemezana neno hata moja maishani, lakini katika uongo huo tulielewana kama watu waliolelewa chungu kimoja.

Tulikwenda hivyo karibu wiki tatu. Nilijiambia sindano zile thelathini na mbili zimetosha, nilishanenepa. Nakwambia wewe unayesoma, hilo ndilo neno linaloua watu wa kifua. Unapata nafuu kidogo, unajiona mjanja kuliko aliyekuhesabia.

Wiki ya tatu homa ikarudi. Ilianza jioni, taratibu, kama mgeni aliyesahau kitu. Mizani ikashuka Jumatatu hiyo. Alhamisi nikatema damu, si tone, ni kikopo. Sista alinishika kichwa mpaka ikakoma. Mikono yake ilikuwa imelowa.

Ijumaa Bwana Mganga alikuja na wanafunzi wote. Alinyanyua karatasi yangu, akapitisha kidole kwenye visanduku, cha kwanza hadi cha mwisho. Akawaambia wanafunzi kwamba hapa wajifunze kitu, mgonjwa amepata kila sindano na bado anarudi nyuma. Dawa imemkataa. Akasema wataisimamisha, wampe mgonjwa mwingine anayeingoja, na mimi nitapelekwa mbali, ambako wanakata mbavu ili kulilaza pafu. Lori la kunichukua lingekuja wiki ya pili, Jumatatu. Alipoondoka alinigusa bega, akasema, "Pole, Mama. Wewe hukufanya kosa."

Mkwe wangu alikuwa amesimama na daftari. Wenzake waliandika. Yeye hakuandika.

Nililala nikiangalia dari ya baraza. Nikinyamaza, dawa inachukuliwa, nakatwa mbavu, na huenda mjukuu nisimwone tena. Nikisema, kijana anafukuzwa, Ester anakuwa mke wa mtu aliyefukuzwa kwa kumdanganya mganga, na katika ukoo watasema mama yake ndiye aliyemharibia. Nilimweleza Mama Luka, maana ulikuwa mzigo wa watu wawili. Alinisikiliza, akakohoa, akafunika kikopo chake.

"Kwetu Ileje pia tuna heshima," alisema. "Lakini sijaona heshima ya kufia chooni. Nitamwambia Sista leo."

"Ukimwambia, nitakana," nikamwambia. "Nitasema umechanganyikiwa na homa."

"Sasa unataka nini, mwanamke?"

Nilitaka dada yangu. Dada Rahabu ndiye mkubwa wetu, aliolewa ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi moja kutoka Tunduma. Nilijua jambo moja tu, kwamba siwezi kumfungulia mgongo mtu ambaye hajaingizwa. Na yeye hawezi kunigusa. Mtu asiyejua mila zetu atasema ni upumbavu. Aseme. Mimi nilikuwa tayari kukatwa mbavu kuliko kulifanya lile, na hiyo ndiyo kweli. Mama Luka akaandika barua kwa penseli, kwa kuwa mimi nilikuwa dhaifu mno, tukampa dereva wa lori la magunia. Ilisema, "Njoo na kuku na mkeka, tumwingize mkwe. Usiulize."

Siku nane nilisubiri. Sindano zilikuwa zimesimamishwa. Kila nikikohoa naangalia kwanza rangi. Jumamosi ikafika, Jumapili asubuhi ikafika, na lori la kunichukua lilikuwa la kesho yake. Saa nane mchana, saa ya kuwaona wagonjwa, nikamwona dada yangu anaingia langoni na mkeka kichwani na kuku chini ya kwapa, anabishana na mlinzi kwamba kuku naye amekuja kumwona mgonjwa.

Nilimweleza yote. Dada Rahabu ni mtu asiyependa kulia. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema nimekonda kama fito ya uzio, na kwamba akili yangu nayo imekonda. Kisha akamwendea Sista. Sikujua atamwambiaje, nikaona tu wanazungumza muda mrefu, Sista anatikisa kichwa, dada anaonyesha kuku. Sista alikuja kwangu. Alisema mimi siruhusiwi kupika chakula cha mtu yeyote, wala kukigusa. Dada akasema mila inataka mkono wa mama. Sista akafikiri. Akaniosha mikono kwa sabuni na ile dawa yao inayonuka, akanifunga kitambaa mdomoni na puani kama wanachovaa wao, akasema naweza kumshika kuku akiwa hai, basi.

Mkeka ulitandikwa nyuma ya wodi, penye jua. Dada akaenda kumwita mkwe wangu bwenini kwao. Alikuja bila koti jeupe, ameinamisha kichwa, akakaa. Nilitembea hatua zile, kama kumi tu, nikasimama mara mbili kupumua. Nikamnyooshea kuku. Alimpokea kwa mikono miwili. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwangalia usoni. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Miaka miwili ameoa kwangu, na sikujua.

Dada alipika kuku kwenye jiko la wasindikizaji. Mkwe wangu alikula, kwa shida, kila tonge analimeza kama mimi ninavyomeza ile dawa ya unga. Alipomaliza alinawa. Kisha akasema, "Mama, kesho nitamwambia Bwana Mganga. Nilikuwa nakuua, na nilikuwa naandika."

Mimi nilikuwa bado sijaweza kumsemesha.

Asubuhi ya Jumatatu lori lilikuwa limeshafika, nimefungiwa kanga zangu. Bwana Mganga alikuja na mstari wake. Mkwe wangu alitoka mwishoni, akasimama mbele, akasema mbele ya wote kwamba huyu ni mama mkwe wake, kwamba sindano kumi na tisa zilizotiwa alama hakuchoma hata moja, na alama ni za mkono wake. Hakusema kwamba nilikuwa naondoka kitandani. Hilo Mama Luka ndiye aliyelisema, kutoka kitandani kwake, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Akasema wamelaumu dawa bure, choo ndicho kilichochomwa sindano.

Hakuna aliyecheka. Bwana Mganga alivua miwani. Alisema alichofanya kijana ni kosa la kumfukuzisha, na anayetia alama ya uongo hafai kushika dawa. Kisha akamgeukia yule mwalimu, akamwuliza kama ni kweli aliwaambia wanafunzi kwamba mgonjwa hana ukoo. Mwalimu akakubali. Bwana Mganga akasema tangu leo, kundi likibadilishwa, kila mwanafunzi aulizwe kwanza kama katika wodi yuko mtu wa kwao. Kwa kuwa kosa halikuwa lake peke yake, kijana hakufukuzwa, akarudishwa mwaka mzima nyuma, na kwa miezi mitatu kazi yake ikawa kuosha vikopo vya makohozi. Lori likaondoka bila mimi.

Kwangu Bwana Mganga alisema, "Tunaanza upya, Mama. Moja. Siahidi kitu." Na kabla ya kuanza alitaka kifua kisikilizwe, ili wajue kilipofika. Akamwonyesha mkwe wangu kwa kidole. Sijui kama ilikuwa adhabu au huruma. Sista akaniuliza kwa macho. Nikageuka, nikashusha kanga, nikampa mgongo.

Alisugua viganja vyake mpaka nikasikia. Kisha akaniwekea mkono, ukiwa na joto.

"Mama, sema tisa."

"Tisa," nikasema.

Hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia mkwe wangu.

Sindano tisini nilizimaliza mvua zilipokuwa zimeshika. Si zote nilizipokea vizuri. Masikio yalianza kuvuma katikati, na hadi leo sikio la kushoto ni zito, ukitaka kunisemesha kaa kulia. Nilirudi Hasamba mahindi yakiwa kiunoni. Mjukuu alikuwa anatembea, akanikimbia, maana hakunijua. Sikumlazimisha. Nilikaa kwenye kigoda siku kadhaa mpaka akaja mwenyewe kushika kanga yangu.

Mkwe wangu alimaliza masomo, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Leo yeye ndiye anayewafundisha wanafunzi kugonga vifua. Nikienda kupimwa ananiita mbele yao, ananikalisha, anawaambia wasikilize upande wa kulia, juu, penye kovu la pafu. Anawaeleza pia habari za zile alama kumi na tisa, na hajifichi. Kisha wanapanga mstari. Mimi nashusha kanga na kuwaambia kwanza wapashe mikono moto.